Trekta la Mtaa wa Mkunguni

Ijumaa ile, saa kumi na moja kasorobo jioni, Bamkubwa Sadalla alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele cha gari, kiti kimelazwa mpaka mwisho, ndoo ndogo ya bluu mapajani. Tulikuwa tunatoka hospitalini Upanga. Huko, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, damu yake hutolewa, ikasafishwa na mashine, kisha akarudishiwa, kwa sababu figo zake ziliacha kazi bila kutoa notisi. Mamkubwa Moza, mkewe, ndiye aliyekuwa anaendesha. Mimi nilikaa nyuma na kazi moja tu duniani: ndoo ikijaa, niipokee.

Jina langu ni Hashimu. Nasoma bweni, kidato cha tano, na nilikuwa likizo. Shuleni kwetu kuna daftari la adhabu, na jina langu limo mara nyingi kiasi kwamba mwalimu wa nidhamu siku hizi anaandika herufi ya kwanza tu. Nayasema haya mapema ili nisije nikaonekana nimeficha.

Tulikuwa tumebakiza nyumba sita kufika kwetu. Kwenye kona ya Sikukuu na Mkunguni, Noah nyeupe ikachomoka bila kusimama, ikatupiga mbele, upande wa dereva. Hakikuwa kishindo cha kutisha. Ulikuwa mlio wa sufuria kuangushwa jikoni, halafu maji ya rejeta yakaanza kuchuruzika barabarani. Ndoo ilimwagika. Bamkubwa alifumba macho, akasema, "Moza, nimelowa," kama mtoto.

Dereva wa Noah alishuka. Alikuwa na shati la njano na tumbo lililotangulia kufika.

"Poleni jamani, poleni sana," alisema. "Mama, tusiite trafiki, tutaziba barabara bure. Tusogeze pembeni tuongee kama watu."

Nyuma yetu honi zilikuwa zimeshaanza. Mamkubwa alikuwa ameshika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, hana mkono wa tatu.

"Hashimu!" aliita. "Shuka, piga picha namba ya gari. Haraka!"

Nilishuka. Nilitoa simu. Na sasa naandika jambo ambalo ningependa lingefanywa na mtu mwingine: sikupiga picha. Niliwasha video, nikaanza kutangaza kama mtangazaji wa mpira, kwa ajili ya wenzangu wa bweni. "Mabibi na mabwana, karibuni katika dimba la Mkunguni! Shati la njano anaambaa na winga ya kulia, hana habari na breki..." Watu wawili watatu walicheka. Nikaongeza sauti.

Shati la njano aliingia ndani ya Noah ili asogee pembeni. Alisogea pembeni, akaendelea kusogea, akakata kona ya Msimbazi, na mpaka hapo hakuna aliyejua pembeni kwake kunaishia wapi.

Nilirudisha video kuitazama. Dakika moja na sekunde arobaini. Tumbo lilikuwemo, kidole changu kilikuwemo, anga ya Kariakoo ilikuwemo pamoja na nyaya zake zote. Namba ya gari haikuwemo.

"Mimi nimeisoma," ilisema sauti chini yangu.

Ilikuwa ya Bibi Candida, anayeuza zipu, vifungo na nyuzi pale kwenye kona, amekaa kwenye kigoda tangu kabla sijazaliwa. Alikuja mjini kutoka Masasi akiwa mtu mzima. Kila mtu mtaani anajua tabia yake moja: anasoma kwa sauti kila kinachopita. Mabango, mifuko ya saruji, fulana za watu, namba za magari. Ukipita na gazeti mkononi atakusomea kichwa cha habari kabla yako.

"Shikamoo Bibi. Umeiona namba?"

"Marahaba. Nimeisoma, sijaiona tu." Akanitajia tarakimu tatu, polepole, kisha herufi: "De, e, ke."

Tarakimu sitaziandika hapa, mwenye gari ana watoto. Herufi nilizichora kiganjani kwa kalamu ya kuazima: D, A, K. Nikarudi kwa Mamkubwa nimenyanyua kiganja kama shahidi mahakamani.

Jioni hiyo gari lilisukumwa na vijana mpaka mlangoni, na Mamkubwa akanieleza mambo yalivyo, bila kunitazama. Gari lake lina bima ndogo. Bima ndogo inamlipa mtu uliyemgonga wewe, haikulipi wewe uliyegongwa. Wa kulitengeneza ni bima ya yule wa Noah, basi. Lakini ili kuidai, lazima ujue ni kampuni gani, na kuijua kunahitaji namba ya gari na karatasi ya polisi.

"Hiyo namba una hakika nayo?" aliuliza.

"Mia kwa mia, Mamkubwa."

Aliniangalia kidogo. Alikuwa na sababu. Wiki mbili kabla, nilibandika karatasi kwenye kioo cha gari lake, nimeichapa vizuri na mhuri wa kuchora, inamtuhumu kwa kosa la kuegesha gari kinyume na uso wa jua. Iliwekwa sahihi na Koplo Mbaazi. Mamkubwa, mtu wa kutii sheria, alivaa baibui akaenda kituoni kumuulizia Koplo Mbaazi. Walimcheka hadi akarudi kwa miguu bila kukumbuka kwamba alikwenda na gari.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kituo kile kile. Mezani alikuwepo Afande Fortunata wa usalama barabarani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu.

"Karibu mama," alisema, kisha akakunja paji la uso. "Wewe si yule wa Koplo Mbaazi?"

"Ndiye mimi," Mamkubwa alijibu. "Leo ni ajali ya kweli."

Alieleza yote, hata habari za mgonjwa na kile kiti kinacholala. Mimi nikatoa kiganja, kwa maana sikuwa nimekiosha. Afande aliingiza namba kwenye simu yake, kwenye ule ukurasa wa kuhakiki bima, ambao ukiandika namba ya gari unakuonyesha aina ya gari, kampuni ya bima na tarehe ya mwisho. Alisoma. Akasoma tena. Akamwita mwenzake aje naye asome.

"Mama, mligongwa na nini?"

"Noah nyeupe."

"Hii namba ni ya trekta."

"Trekta la kulimia," aliendelea Afande, "halina bima tangu mwaka juzi. Mligongwa na trekta Mtaa wa Mkunguni? Lilikuwa linalima nini, lami?"

Yule mwenzake aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Afande Fortunata hakucheka. Alinitazama mimi, akaitazama na tai niliyovaa ili nionekane shahidi wa maana.

"Namba kaiandika nani?"

"Huyu," alisema Mamkubwa.

"Na Koplo Mbaazi aliandikwa na nani?"

Mamkubwa alichukua mkoba wake, akaaga kwa adabu, akatoka. Nilimfuata hadi nje, na tulitembea mpaka Msimbazi. Hapo alisimama kusubiri magari yapite.

"Hashimu," alisema, "yule ni kaka wa baba yako. Hata yeye unamfanyia?"

"Mamkubwa, wallahi siyo utani!"

"Hata Koplo Mbaazi uliniapia."

Ni kweli, niliapa. Nilikuwa nimeapa kwa vitu vitatu tofauti.

Nilikimbia moja kwa moja kwa Bibi Candida. Alikuwa anapanga zipu kwa rangi.

"Bibi, ile namba. Nitajie tena."

"Nilikutajia jana. De, e, ke."

"Dii, ei, kei?"

Alinitazama juu ya miwani. "Hivyo hivyo unavyosema wewe kwa Kizungu chenu. Mimi sijui. Mimi nimesema de, e, ke."

"Una hakika, Bibi? Maana imetoka trekta."

"Mtoto wewe!" alisema, na safari hii aliumia. "Nimeanza kusoma nina miaka thelathini na mitatu, nina mtoto mgongoni. Utanifundisha wewe herufi?"

Nikaomba radhi. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba kuna mtu kafunga namba ya trekta kwenye Noah. Jiji hili lina mambo.

Jumatatu ilifika, na figo hazisubiri upelelezi. Mamkubwa aliita teksi kwa simu. Ya kwanza ilikuja, dereva akaona mgonjwa na ndoo, akasema kuna abiria mwingine alimtangulia. Ya pili haikusimama kabisa. Tukapanda bajaji. Kwenda, Bamkubwa alivumilia, ameshika chuma kwa mkono mmoja. Kurudi ndiyo ilikuwa shida. Akitoka kwenye mashine huwa hana nguvu hata ya kufunga kifungo, na hawezi kukaa wima. Ndiyo maana ya kile kiti cha gari kinacholala. Bajaji haina kiti kinacholala. Ilimrusha kwenye kila tuta, na tulipofika Mnazi Mmoja alisema, "Simamisha. Nishusheni."

Tulimkalisha ukingoni mwa viwanja. Watu walikuwa wanapita kuelekea Kariakoo, wengi, na vifurushi vyao. Alitapika kwenye ndoo, kanzu yake ikalowa kifuani. Vijana wawili walipita karibu, mmoja akasema, bila ubaya, kwa furaha tu ya mtu mwenye afya: "Mzee kazidiwa! Kazianza mapema leo!" Mwenzake akajibu, "Muache, Jumatatu ngumu."

Bamkubwa Sadalla hajawahi kuonja pombe. Aliadhini miaka mingi kwenye msikiti wetu kabla sauti haijamkatika. Aliinua uso, akawatazama wale vijana hadi walipopotea, kisha akajifuta kwa ncha ya kilemba chake, polepole, kama mtu anayefuta ubao.

Mimi ningeweza kuwajibu wale vijana. Nina majibu mengi. Niliipokea ndoo.

Jioni, alipolazwa kitandani, alisema, "Jumatano siendi."

"Utaenda," alisema Mamkubwa.

"Siendi, Moza. Wala Ijumaa. Mungu anajua nilipo, hana haja ya kunitafuta Mnazi Mmoja."

Sote mle ndani tulijua maana ya kutokwenda. Daktari alishatuambia kwa lugha nyepesi: mashine ikirukwa mara moja ni hatari, ikirukwa mara kadhaa ni kuagana.

Jumanne alishinda ameelekea ukutani. Mamkubwa alikaa kizingitini na ungo wa mchele, akachagua kibaba kimoja cha mchele kwa saa nzima, punje zile zile. Nilimpelekea chai, hakuinua uso. Majirani walikuja, wakasema maneno ya majirani, wakaondoka. Sikuwahi kukaa kimya muda mrefu hivyo tangu nibatizwe jina la Msemaji Mkuu huko bwenini.

Alasiri Bamkubwa akaniita.

"Hashimu. Lete hiyo simu."

"Simu ya nini, Bamkubwa?"

"Siku ile nilikusikia unapiga kelele nje. Mimi nimelowa, wewe unapiga kelele, watu wanacheka. Nataka kusikia ulikuwa unasema nini."

Ningetoa chochote video ile iwe imefutika. Niliiweka karibu na sikio lake nikabonyeza, nikatazama miguu yangu. *Mabibi na mabwana, karibuni katika dimba la Mkunguni!* Ile sauti ilikuwa yangu, na ilikuwa sauti ya mpumbavu. Ndani ya chumba kile chenye harufu ya dawa, kila kichekesho kilianguka chini kimoja kimoja. Bamkubwa alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa. Nilijiandaa kwa lawama.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Na wewe usipumue."

Alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa ameupa ukuta kisogo. "Kuna mwanamke anasoma nyuma yako. Nani huyo?"

"Bibi Candida wa zipu. Anasoma kila kitu."

"Kasoma kisomo," alisema Bamkubwa. "Kisomo cha watu wazima. Sikiliza anavyokata herufi." Alijiinua kwa kiwiko. "Mimi nimefundisha kisomo miaka kumi na mmoja, Lindi na Masasi, kabla baba yako hajaota ndevu. Gari letu lina herufi gani?"

"C, A, E." Nilizitamka tulivyozoea: sii, ei, ii.

"Msikilize yeye alivyoisoma."

Nikabonyeza. Chini ya kelele zangu, chini ya honi, sauti ya Bibi Candida ilisoma gari lililogongwa, taratibu, bila kuruka kitu: *che, a, e.* Kisha, pumzi moja baadaye, ikasoma gari lililogonga: *de, e, ke.*

"A yake ni nini?" aliuliza Bamkubwa.

"Ni... a."

"Na e yake?"

Nilikitazama kiganja changu. Wino ulikuwa umebaki kidogo. D, A, K.

"E ni E," nilisema.

"E ni E! Mtu mzima wa kisomo hakwambii 'ei'. Anakwambia a, e, i, o, u, kama Mungu alivyozipanga. Wewe umesikia e, ukaikimbiza Ulaya, ikarudi A." Alikohoa, akashika kifua, lakini hakulala. "Huko bweni mnakula nini?"

"Maharage, Bamkubwa."

"Yamekuingia kichwani."

Mamkubwa alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi. Sijui alikuwepo tangu lini. "Kwa hiyo mtoto hakudanganya," alisema.

"Hakudanganya. Amekosea. Ni dhambi mbili tofauti." Bamkubwa alinitazama. "Hii nayo si ndogo."

"Sadalla," alisema Mamkubwa, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai mezani. "Kesho utaenda?"

"Kwanza mkaihakiki," alisema Bamkubwa. "Mwalimu hasahihishi jibu nusu."

Jumatano saa mbili asubuhi tulikuwa kituoni. Nilikuwa nimeosha mikono na nimeacha tai nyumbani. Afande Fortunata alituona tangu mlangoni.

"Karibuni. Leo ni kreni?"

"Afande," nilisema, "shikamoo. Kosa lilikuwa langu. Shahidi alisema E, mimi nikaandika A."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesoma."

Hapo ndipo alipocheka, mara moja tu, kupitia puani. Aliingiza namba upya, akisema herufi kwa sauti. Mamkubwa alishika ukingo wa meza. Simu ikazunguka, ikazunguka. Kisha Afande akaigeuza tuione wenyewe: Toyota Noah, jina la kampuni ya bima, na tarehe ya mwisho ambayo ilikuwa bado miezi saba.

"Bima hai," alisema. "Hii ndiyo mnayoipeleka." Akavuta fomu, akaanza kuandika: kampuni, namba ya bima, mahali, saa. Alipomaliza alitafuta namba ya simu ya mwenye gari, akapiga.

"Bwana Aristides? Usalama barabarani hapa. Ijumaa pale Mkunguni ulisogea pembeni... Ndiyo. Nataka kujua umefika wapi." Alisikiliza. "Najua uliogopa watu. Hapa hakuna watu, kuna mimi tu. Saa nane uwe hapa, na gari na leseni." Akataka kukata, kisha akakumbuka. "Hiyo Noah viti vyake vinalala?... Basi hadi gari la mama litoke gereji, kuna mgonjwa wa kwenda Upanga mara tatu kwa wiki, kuanzia Ijumaa... Hapana, sheria haisemi hivyo. Ninayesema ni mimi."

Tulipotoka nje Mamkubwa alipiga simu nyumbani. Iliita muda mrefu. Niliona midomo yake ikisoma kitu, nadhani dua.

"Imepatikana," alisema.

"Nisomee," ilisema sauti ya Bamkubwa, nyembamba, ndani ya simu.

Mamkubwa alishika fomu mbali na macho, akasoma kampuni, akasoma tarehe, akasoma tarakimu. Alipofika kwenye herufi alinitazama, akasoma polepole: "De. E. Ke."

Simu ikajibu: "Nitafutie kanzu kavu."

Saa tano tulimpakia kwenye bajaji, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na kingine. Nilikaa kando yake, ndoo ya bluu mapajani mwangu safari hii, kichwa chake begani kwangu ili asirushwe. Kwenye kona Bibi Candida aliinua uso kutoka kwenye vifungo vyake, akaanza kuisoma namba ya bajaji yetu kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, herufi kwa herufi, kama hakutuona sisi tuliomo.

Bamkubwa alimwambia dereva asubiri kidogo. Akasikiliza mpaka alipomaliza.

"Vema," alisema. "Endelea."

Bibi Candida alishtuka, akatafuta sauti ilipotoka. Alipoona ni mzee amelala begani mwa mtoto, aliinuka kwenye kigoda chake, taratibu, magoti yakimgomea, na akasimama wima jinsi wanafunzi wanavyomsimamia mwalimu. Alibaki amesimama hivyo mpaka tulipokata kona.